Maneno ya Mwalimu yawe ya Mwalimu kweli

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kwenye gazeti lako maana hili jambo limenikaa rohoni muda sasa. Kila ikikaribia 14 Oktoba, siku aliyofariki, magrupu ya WhatsApp yanajaa picha za Mwalimu Nyerere, ile nyeusi na nyeupe kashika kifimbo chake, chini wameandika sentensi tamu kuhusu vijana kujiajiri na kuamka saa kumi alfajiri kusaka pesa, halafu mwisho "J.K. Nyerere". Tarehe hakuna, mahali hakuna, alikuwa anaongea na nani hakuna. Hivi kweli mtu wa ujamaa na Azimio la Arusha ndo alikuwa anatufundisha mbinu za kutajirika chapchap? Na watu wazima, wengine walimu kabisa, wanafowadi tu.

Sisemi maneno yenyewe ni mabaya, mengine mazuri sana na aliyeyatunga ana kipaji, basi si aweke jina lake. Kumsemea marehemu kitu ambacho hakukisema ni uongo hata kiwe kitamu vipi, na huyu ndo marehemu ambaye chama chake, TANU, kilimtaka kila mwanachama aahidi kusema kweli daima na fitina kwake iwe mwiko.

Sikilizeni alivyokuwa anaongea mwenyewe, rekodi zipo. Novemba 1978, majeshi ya Idi Amin yameshaingia Kagera, anawaambia wananchi sababu ya kumpiga tunayo, nia tunayo, uwezo tunao. Basi. Anaongea taratibu, hata bibi kijijini anaelewa, na alichokisema kilikuwa kitu cha kweli, watu wa Kagera walikuwa wamekimbia makwao na mali zao zimeporwa. Na nguvu ya ulimi aliijua vizuri, maana ndiye aliyeitafsiri Julius Caesar ya Shakespeare kwa Kiswahili, ikatoka 1963, mle ndani kuna Mark Antony, rafiki wa Caesar aliyeuawa, anawaambia Warumi eti yeye hajui kuhutubia, ni mtu wa kawaida tu, halafu kwa hotuba hiyohiyo anawapandisha mori mpaka wanatoka kwenda kuchoma majumba na kumuua mshairi wa watu kisa jina lake limefanana na la mmoja wa wauaji wa Caesar.

Kinachoniuma zaidi ni kwamba huyu Mwalimu wa WhatsApp hakosei hata siku moja. Yule wa kweli baada ya vita alituambia tufunge mikanda miezi 18, na wazee wetu wanakumbuka dhiki ilivyoendelea miaka, foleni za sukari na sabuni, ugali wa yanga, yaani wa mahindi ya njano. Halafu mwaka 1984 kwenye mahojiano akakiri kwamba kuzifuta serikali za mitaa na kuvivunja vyama vya ushirika yalikuwa makosa, na alikuwa bado rais! Maneno kama hayo hakuna anayeyatengenezea picha, hayana utamu, lakini ni yake na mimi kwa hayo ndo namheshimu zaidi.

Sa hivi kuna programu za akili mnemba zinaiga mpaka sauti ya mtu, kwahiyo kesho tutaletewa klipu Mwalimu anampigia kampeni mgombea ambaye hata hakuwa amezaliwa 1999 Mwalimu anafariki, na kwa tulivyozoea kumeza kila kinachosemwa vizuri, tutaimeza.

Mhariri, ombi langu gazeti lisichape nukuu ya Mwalimu bila kuandika aliisema lini na wapi. Na TBC waliorithi maktaba ya Redio Tanzania watuwekee mtandaoni hotuba nzimanzima, siyo vipande vya dakika moja, ili mtoto wa sekondari akitumiwa picha aende akasikilize mwenyewe. Na nyie maadmini wa magrupu, mtu akileta nukuu muulizeni kaitoa wapi, akikosa jibu ifuteni.

Msomaji wako,
Dodoma