Madaktari wapo mtaani, vituoni hawakai

Ndugu Mhariri,

Kila tukilalamika kwamba vituo vyetu havina daktari tunajibiwa kuwa madaktari wa nchi hii hawatoshi. Ni kweli hawatoshi, lakini si hilo tu. Mwaka 2017 Kenya ilipotuomba madaktari 500, Watanzania 258 wenye sifa walijitokeza. Mahakama ya kule ilipouzuia mpango huo, Rais Magufuli akaagiza wote 258 waajiriwe hapa nyumbani. Kumbe walikuwepo siku zote, vyeti mkononi! Hata leo wapo waliomaliza utarajali, yaani mafunzo ya kazi hospitalini baada ya chuo, ambao wanajitolea hospitali za mjini au wanasimamia duka la dawa la mtu, wakisubiri tangazo la ajira.

Na wakiajiriwa? Huku bonde la Ziwa Rukwa tumeshazoea. Kijana anaripoti, anaambiwa fedha za kujikimu zinakuja. Nyumba ya mtumishi imeishia kwenye lenta, kwa hiyo anapanga chumba senta kwa kukopa. Mshahara nao unasubiri aingizwe kwenye mfumo. Haupiti muda mrefu anaomba uhamisho wa kumfuata mwenza Dar es Salaam. Simlaumu, hata mimi ningeondoka.

Kituo chetu kina jengo jipya la upasuaji, na kitanda chake bado hakijavuliwa nailoni. Mtaalamu wa usingizi, yule wa kumpa mgonjwa dawa ya usingizi wakati wa upasuaji, hatuna. Mjamzito akikwama usiku anapandishwa mlima hadi Sumbawanga, ndugu wakichangishana mafuta ya gari. Kambi za madaktari bingwa wa Rais Samia zimesaidia wengi na tunashukuru, ila hukaa siku chache, na uchungu haungoji kambi.

Naomba wahusika, kabla ya kumpangia mtu kituo, wahakikishe nyumba ipo na fedha za kujikimu anazipata siku anayoripoti. Daktari aje pamoja na mtu wa usingizi, la sivyo tutakuwa tumeletewa mwandishi wa barua za rufaa. Atakayemaliza miaka mitatu pembezoni apewe kipaumbele cha ufadhili wa masomo ya ubingwa, na haki hiyo iandikwe kwenye barua yake ya ajira, isitegemee huruma ya bosi. Uhamisho nao usipitishwe mpaka mbadala awe ameripoti.

Msomaji wako,
Bonde la Ziwa Rukwa