Kwa nini mchawi wenu lazima awe bibi?

Barua ya wazi kwa vijana wa parokia wanaotengeneza filamu

Wajukuu zangu, Tumsifu Yesu Kristo.

Filamu yenu niliitazama ukumbini mpaka mwisho, ingawa mgongo ulishaanza kudai kitanda. Picha ni safi, hilo sipingi, na aliyeshika kamera ana jicho. Lakini nimebaki na donge kooni, na kwa kuwa mnasoma simu kuliko mnavyosikiliza matangazo baada ya Misa, nimeona niwaandikie huku huku mliko.

Kijana wenu amekosa kazi mjini. Nani kamfunga? Bibi yake wa kijijini. Bibi anaruka na ungo usiku, kavaa kaniki, macho mmempaka mekundu. Katekista anafika na maji ya baraka, bibi anaanguka, anatoka povu, anakufa. Kesho yake kijana anapigiwa simu ya kazi. Ukumbi mzima ukalipuka makofi na vigelegele, na mtoto aliyekaa mbele yangu akageuka kunitazama macho.

Mnajua mko wapi, nyinyi? Mko Usukumani! Katika nchi hii yetu, Mwanza, Shinyanga, Geita, vikongwe wamekatwa mapanga kwa sababu ya macho mekundu, na hakuna kati yenu asiyewahi kusikia habari hizo. Macho hayo chanzo chake ni jiko. Ni miaka na miaka ya kupuliza kuni mbichi, na kule miti ilikokwisha, mavi makavu ya ng'ombe. Moshi uliowaivishia ugali baba zenu ndio unaogeuzwa ushahidi. Na ukifukua tuhuma, mara nyingi chini yake utakuta shamba: mjane ana ekari zake, shemeji anazitolea macho, mtoto wa jirani anaugua, mganga anapiga ramli, jina linatajwa. Sheria ya Uchawi ipo tangu 1928, na kumsingizia mtu uchawi ni kosa, lakini ni wangapi kijijini wanaijua? Ramli wanaijua wote. Serikali inakuja na gari baada ya mazishi, sisi wa kanisani tunakwenda kuimba msibani, na wiki inayofuata tunakaa kwenye viti vya plastiki kushangilia kikongwe akifa kwenye pazia.

Halafu mnaniambia filamu hiyo inamtangaza Yesu. Someni Marko sura ya saba. Bwana anasema uovu unatoka ndani, moyoni mwa mtu. Nyinyi mnasema unatoka kwa bibi. Yule kijana wenu hana dhambi hata moja! Habeti, halewi, hajamdanganya binti wa mtu, hajakopa akakimbia. Mwenye dosari ni mmoja tu, naye ana miaka themanini na hana wa kumtetea.

Najua mtasema ndivyo filamu zinavyouzika, Wanaijeria wametufundisha. Sawa, lakini mlijifunza nusu. Living in Bondage, ile ya 1992 iliyowafungulia wengi mlango, inamhusu mwanamume anayemtoa mkewe kafara ili atajirike, kisha mzuka wa mke unamwandama. Mwenye dhambi pale ni yeye mwenye njaa ya pesa. Nyinyi mmechukua vitambaa vyekundu na kelele, tamaa mkaiacha.

Na nyie wazee wenzangu msichekelee, nina neno nanyi. Mmoja wenu alisimama baada ya filamu akasema kuanzia sasa vijana waigize maisha ya watakatifu tu, mambo ya mazimwi na viumbe wa kubuni ni ya shetani. Mzee wangu, kwa heshima zote, Biblia uliisoma mpaka wapi? Waamuzi sura ya tisa, miti inakwenda kujitafutia mfalme na mwiba unakubali. Punda wa Balaamu anasema. Ufunuo una joka jekundu lenye vichwa saba na pembe kumi. Na Nathani, alipotumwa kwa Daudi, hakumsomea amri. Alimpa hadithi ya maskini na mwanakondoo wake, Daudi akawaka hasira kwa tajiri yule, ndipo akaambiwa, "Wewe ndiwe mtu huyo." Hadithi ya kubuni inaingia mahali ambapo hubiri limefungiwa mlango. Ila angalieni, Daudi alijikuta yeye mwenyewe ndani yake. Hakumkuta bibi wa jirani.

Mmoja wenu aliwahi kuninong'oneza kwamba angependa kutengeneza kitu kama The Lord of the Rings, kisha akaomba radhi kana kwamba katukana. Ya nini? Tolkien aliyeiandika alikuwa Mkatoliki hasa, yatima aliyelelewa chini ya usimamizi wa padre. Vitabu vilitoka 1954 na 1955, na jina la Yesu halimo. Imo pete inayoamsha tamaa ya kila anayeishika, hata aliye mwema. Frodo, aliyepewa kazi ya kuitupa motoni iangamie, anaibeba kwa mateso hadi ukingo wa moto, na pale pale inamshinda, hataki kuitupa. Dunia inaokoka kwa sababu huko nyuma walimhurumia Gollum, mtumwa wa pete hiyo, kiumbe ambaye wengi wangeona heri afe. Ndiye anayeinyakua na kutumbukia nayo motoni. Mwandishi akaiweka siku hiyo kuwa 25 Machi, sikukuu ya Bikira Maria kupashwa habari. Hubiri hakuna, na kila kitu kimo.

Mengine nitayataja kwa kifupi maana mnayajua. Andikeni mswada kabla ya kukodi kamera. Sauti yenu mbovu, upepo unasikika kuliko watu. Msichukue wimbo wa mtu bila ruhusa. Walipeni waigizaji hata nauli. Na msiniletee tena kisingizio cha "ni kazi ya Mungu" kufunika uzembe; katika Kutoka, Mungu alimjaza Bezaleli roho yake ili awe fundi hodari. Nendeni makumbusho ya Wasukuma ya Bujora, hapo Kisesa, mwone mmisionari Padre David Clement alivyoichukulia ngoma yetu kwa uzito, hata leo vikundi vya ngoma vya Bagika na Bagalu vinashindana kwenye sherehe ya Bulabo, majira ya Ekaristi Takatifu. Mkirudi ndipo tuzungumze sanaa na imani.

Sasa kazi ninayowapa. Hadithi ya Masala Kulangwa mlisimuliwa mkiwa wadogo, au mama zenu waliacha kusimulia walipopata televisheni? Zimwi Shing'weng'we anameza watu wote na ng'ombe wote. Anabaki mwanamke mmoja mjamzito aliyejificha, anazaa mtoto, ndiye Masala Kulangwa, naye anakua na kuuliza watu wako wapi. Analiua zimwi, analipasua tumbo, watu wanatoka wazima. Makatekista wametumia hadithi hii kumweleza Kristo.

Wengi wanaishia hapo. Mimi naipenda sehemu inayofuata. Wakati wa kupasua, kisu kinamkata sikio bibi kizee mmoja. Bibi anakasirika, anataka kumroga kijana. Na Masala Kulangwa anafanya nini? Hamuui. Anatafuta dawa upesi, anamtibu sikio, anapona. Someni Luka 22, usiku ule bustanini, mwone nani mwingine aligusa sikio lililokatwa na upanga wa mtu wake.

Hiyo ndiyo filamu. Zimwi mtalitengeneza kwa nini sijui, labda maturubai na vijana kumi ndani, mtaona wenyewe. Mswada ninao kichwani pamoja na wimbo wake wa Kisukuma. Njooni Jumamosi baada ya jumuiya, na aje na daftari yule mwenye mwandiko unaosomeka.

Bibi yenu,
mwalimu mstaafu, Kisesa