Barua ya wazi kwa Waziri wa Afya: Tulichukua hesabu, tukaacha mchujo

Mheshimiwa Waziri,

Nakusalimu kwa jina la Jamhuri ya Muungano wa Tanzania.

Mimi ni mkunga mstaafu. Nimefanya kazi katika zahanati na vituo vya afya vya Kanda ya Ziwa, na kwa kuwa sasa hakuna mkubwa wa kunihamisha kituo, naona niseme.

Kwanza haki yenu niwape. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2022 ulionyesha vifo vya uzazi vimeshuka hadi 104 kwa kila vizazi hai 100,000, kutoka 556 katika utafiti wa 2015/16. Mfumo wa m-mama, wa kupiga 115 gari likaja, ni jambo ambalo enzi zetu tuliliota tu. Lakini m-mama ni ya siku ya hatari. Mimi nazungumzia miezi iliyotangulia, pale kwenye benchi la kliniki, ambako tunawahudumia wajawazito arobaini kana kwamba ni mtu mmoja aliyekuja mara arobaini.

Chukua kinamama wawili wa benchi hilo. Wa kwanza ana mimba ya tatu, mbili za mwanzo alijifungua salama, presha nzuri, damu ya kutosha, katembea saa mbili na shamba kaliacha. Wa pili mimba iliyopita presha ilimpanda, akapata kifafa cha mimba, mtoto akafa. Wote watapimwa uzito, watapewa vidonge vya kuongeza damu na SP ya malaria, na wote wataandikiwa tarehe ileile ya mwezi ujao. Kwa yule wa pili, Mheshimiwa, mwezi ni mrefu mno. Presha ya mimba inaweza kumgeuka mtu ndani ya wiki.

Wala si uzembe wa wauguzi. Ratiba tumeirithi hivyo. Mwaka 1929 Wizara ya Afya ya Uingereza ilitoa waraka uliopanga mjamzito aonwe lini na lini: mara chache mwanzoni, kisha kila wiki mbili, mwishoni kila wiki. Hakuna utafiti uliokuwa umepima kama ndivyo inavyofaa, ila ratiba ya sura hiyo ikaenea duniani. Mwaka 2001 yakatoka matokeo ya utafiti mkubwa uliofanyika Argentina, Cuba, Saudi Arabia na Thailand, na Shirika la Afya Duniani (WHO) likapendekeza mahudhurio manne. Hapa ndipo tulipoteleza. Yale manne yalikusudiwa mama asiye na tatizo, baada ya mkunga kukaa naye siku ya kwanza na karatasi ya maswali: umewahi kuzaa mtoto mfu? Umewahi kufanyiwa upasuaji wa kizazi? Presha? Kisukari? Akijibu ndiyo hata mara moja, ratiba ya manne haikuwa yake tena, alipaswa kupangiwa huduma ya peke yake. Sisi tulichukua namba nne tukaibandika kwenye malengo ya mkoa. Maswali yalibaki kwenye kadi, yanawekewa vema haraka haraka, na jibu halibadilishi chochote.

Tangu 2016 WHO inataka mara nane, kwa sababu uchambuzi wa baadaye ulionyesha kupunguza mahudhurio kuliongeza vifo vya watoto tumboni. Sipingi nane. Naogopa tu tusije tukaifanya nane yale tuliyoifanya nne. Hata Marekani, walioshikilia ratiba yao tangu 1930, chama chao cha madaktari wa uzazi kilitoa mwaka 2025 mwongozo unaosema idadi na namna ya kumwona mjamzito ilingane na afya yake na mazingira yake ya maisha.

Na usiambiwe kwamba hatuwezi. Kwa VVU tumeweza. Tangu 2013 mjamzito mwenye VVU anaanza dawa papo hapo, ana faili lake, anapimwa wingi wa virusi, asipotokea anapigiwa simu. Akiwa anatumia septrini, dawa ya kumkinga na magonjwa nyemelezi, muuguzi anajua hapaswi kumpa SP, maana zote mbili zina salfa. Kila hatua inamtazama yeye. Huyu mwenye historia ya kifafa cha mimba anakosa nini hata asifuatiliwe hivyo?

Nakuomba mambo yafuatayo. Hudhurio la kwanza lipewe muda, hata kama siku hiyo tutaona wachache, na kadi iwe na nafasi ya kuandika mpango wa mama huyu: arudi lini, aonwe na nani, ajifungulie wapi. Aspirini ya miligramu 75, ambayo WHO inaipendekeza kwa walio katika hatari kubwa ya kifafa cha mimba, ianze kabla ya wiki ya 20, na ipatikane zahanati. Nilikofanya kazi mimi ilibidi mama apande gari kuifuata. Yule mwenye afya njema anayetoka mbali apangiwe siku inayoendana na gulio, siyo sisi kumpangia Jumanne kwa kuwa Jumanne ndiyo siku yetu.

La mwisho linaniuma zaidi. Kuja na mwenza lilikuwa wazo zuri, wapime VVU pamoja. Katika vituo vingine limegeuzwa sharti: asiye na mwenza akalete barua ya mwenyekiti wa serikali ya mtaa. Binti wa miaka 17 aliyekataliwa na kijana hawezi kwenda kwa mwenyekiti kutangaza aibu yake. Anakaa nyumbani hadi tumbo lionekane, anakuja mwezi wa sita, na wiki ya 20 ilishapita. Huyo ndiye aliyestahili kuonwa wa kwanza. Toa waraka, Mheshimiwa, uandikwe kwa Kiswahili chepesi na ubandikwe mlangoni mwa kila kliniki, useme wazi kuwa hakuna mjamzito atakayerudishwa kwa kukosa mwenza au barua.

Wako katika ujenzi wa taifa,

Mkunga mstaafu, Kanda ya Ziwa