Risala ya Wanafunzi na Watumia Maji kwa Mgeni Rasmi: Kumkumbuka Babu Mhandisi

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, Meneja wa Wilaya wa RUWASA, wakala wa maji vijijini, Mheshimiwa Diwani, Mwenyekiti wa Kijiji, Mkuu wa Shule, walimu, wazazi na wanafunzi wenzetu, itifaki imezingatiwa.

Kwa niaba ya wanafunzi na Jumuiya ya Watumia Maji, tunakukaribisha sana kijijini kwetu na kukupa pole ya safari. Barabara ya kutoka Makambako tunaijua, hasa mvua zikishanyesha.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, leo tunamkumbuka marehemu ambaye wakubwa kwa wadogo tulimwita Babu Mhandisi. Familia yake, iliyoketi hapa mbele, imetuomba tusimpambe. Ni ombi la haki, maana mwenyewe hakupenda risala ndefu. Kwenye mahafali alikuwa akitazama saa yake waziwazi, na msomaji akimwona anaruka aya.

Alianza kazi mwaka 1971, kijana asiye na cheti cha ufundi, katika ujenzi wa Reli ya Uhuru, yaani TAZARA. Kazi yake ilikuwa kuwashikia wapimaji wa Kichina fimbo ya vipimo, kati ya Mlimba na Makambako, pale reli inapopanda kutoka Bonde la Kilombero kuja nyanda za juu, handaki baada ya handaki, daraja baada ya daraja. TAZARA ina kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi, Zambia, lakini Babu ukimuuliza habari za reli, alikusimulia kipande hicho tu. Ujenzi ulipokamilika mwaka 1975 alijiendeleza, akasoma uhandisi Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, akarudi relini hadi kustaafu.

Alipostaafu alirudi hapa na sanduku la spana, mpira wa kupimia levo na daftari. Wazee wa kijiji walikuwa tayari wanachangisha fedha za mradi wa maji ya mserereko, yanayoshuka yenyewe bila pampu. Ilikuwa mwezi wa Aprili, chemchemi imejaa, kila mtu anaona maji ni mengi. Babu akawaambia wasinunue hata bomba moja mpaka Oktoba. Kikao kilivunjika kwa kelele. Wapo waliosema huyu amezoea kula posho za serikali, sasa anatuchelewesha. Oktoba ilipofika aliwachukua wanakamati hadi kwenye chanzo, akatega ndoo ya lita 20 chini ya kipande cha bomba na kumpa mwenyekiti saa. Ndoo ilijaa kwa sekunde 40. Hapo hapo akawafanyia hesabu kwa kijiti, chini kwenye udongo: nusu lita kwa sekunde, lita 43,200 kwa siku, hayo ndiyo maji mtakayokuwa nayo mwezi mbaya kuliko yote. Idadi ya vilula, yaani vituo vya kuchotea maji, ikapunguzwa, tangi likaongezwa ukubwa ili maji ya usiku yasipotee. Ndiyo maana hadi leo, vijiji vingine vikifunga koki kiangazi, sisi tunachota, ingawa kwa foleni.

Kuna jambo ambalo wazazi hucheka wakikumbushwa. Bomba la kuja shuleni lilipolazwa, maji hayakufika. Tangi limejaa, koki zimefunguliwa, kilula hapa kinapumua tu. Maneno yakaanza kwamba kuna mkono wa mtu, na jina la bibi mmoja likatajwa kwenye vilabu vya ulanzi. Babu aliifuata njia ya bomba kwa miguu, akasimama kwenye mgongo wa kilima kilichopo nyuma ya kanisa, akaagiza pachimbwe. Alipolegeza kiungo, hewa ilitoka kwa mlio mrefu, kisha yakafuata maji machafu, kisha masafi. Akaweka valvu ya kutolea hewa pale juu. Halafu akaenda nyumbani kwa yule bibi, akakaa kibarazani kwake mpaka jioni ili kila apitaye amwone. Kwa maoni yetu, siku ile alifanya kazi mbili, na ya pili ilikuwa ngumu zaidi.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, hakuwa mtu mwepesi. Zege lisilomwagiliwa maji siku saba alikuwa akiligonga kwa nyundo na kuamuru livunjwe, awe amelimwaga fundi au shemeji yake. Milingoti iliyopandwa ndani ya mita 60 kutoka kwenye chanzo, kinyume cha sheria ya mazingira ya mwaka 2004, aliisimamia ikang'olewa yote na kupandwa mivengi, miti rafiki wa maji. Mingi ilikuwa ya ndugu zake. Wapo ambao hawakumsalimia hadi anafariki mwaka jana, na baadhi yao walikuwa wa kwanza kufika msibani na majembe.

Shuleni alikuja kila Jumamosi. Hakufundisha darasani, alitupeleka kwenye bomba. Aliwachagua wasichana wawashe pampu ya akili, kama alivyopenda kusema, kwa sababu ndio waliokuwa wakitumwa maji. Leo anayesoma mita ya tangi na kuandika kwenye lile daftari lake ni mwanafunzi wa kidato cha tatu, na fundi bomba wa jumuiya ni dada aliyemaliza hapa hapa shuleni.

Pamoja na hayo, tunazo changamoto. Bomba kuu upande wa mtoni lilifukiwa kina kifupi na mkandarasi, ng'ombe wanalikanyaga na linapasuka kila msimu. Uzio wa chanzo umeoza. Fundi wetu ni mmoja, na anapougua hatuna wa kumbadili.

Tunaomba ofisi yako itusaidie kupata mabomba ya kubadilisha kipande hicho; nguvu kazi ya kuchimba mtaro ipo, tumeshagawana mita. Tunaomba nguzo na waya kwa ajili ya uzio. Na tunaomba vijana wawili wapelekwe chuo cha ufundi cha VETA kusomea ufundi bomba, mmoja wao awe msichana.

Baadhi ya wajumbe walipendekeza tuombe pia sanamu ya Babu. Tulipiga kura, mabomba yakashinda.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, tunaomba kuwasilisha.