Kabla hamjatuma drafti zenu

Habari za jioni wapendwa. Nimepitia drafti zote, kinachowaangusha wengi ni swali la utafiti, limekaa pana mno jamani. Ukiandika "kilimo cha kahawa Kilimanjaro" utasoma mpaka uchoke na hutamaliza, bora uulize kwa nini mkulima wa Kibosho aamue kung'oa mibuni apande parachichi, hapo unajua kabisa nani wa kumhoji na nani wa kumwacha.

Anzeni kuandika sehemu ya mbinu maana mmeifanya wenyewe mnaijua, muhtasari uje mwisho kabisa. Kwenye matokeo sema ulichokuta tu, kueleza maana yake ngoja mpaka kwenye mjadala. Marejeo wekeni kwenye Zotero, programu ya kutunza na kupanga marejeo, ni ya bure, na tafadhali sana kila chanzo kifungue ukisome mwenyewe, hizi programu za akili bandia zinaweza kukutungia makala ambayo haipo, msimamizi akiitafuta akaikosa ndo basi tena.

Jumamosi saa nne asubuhi tukutane palepale Moshi mjini, kila mtu aje na utangulizi wake umeprintiwa, tutabadilishana tusomeane kwa sauti. Wa Arusha mkichelewa gari semeni mapema tuwasubiri.