Barua kwa mwanangu: nijibu hili moja

Mwanangu mpenzi,

Asalaam aleikum. Huku Tanga sote wazima, ila mimi usingizi sipati tangu mwenzio wa chumbani aliponipigia. Usimgombeze. Alikuwa analia.

Nijibu kweli, si ile "niko poa mama" yako: unatapika ukishakula? Sikukuu uliponipokea sahani niliona makovu juu ya vifundo vya vidole vya mkono wako wa kulia, pale meno ya juu yanapokwaruza mtu akijitia vidole kooni. Mimi ni muuguzi, makovu hayo nayajua. Nikajiambia umeungua na sufuria.

Najua unachokitazama usiku kwenye simu: wale wasichana wanaoonyesha wanachokula kutwa nzima, tufaha moja na kahawa, na kiuno cha kushikwa kwa viganja viwili. Utasema picha haimdhuru mtu. Huko Fiji, wilaya ya Nadroga, televisheni ilifika mwaka 1995. Ni watu wa visiwani, kwao mwili mnene ulikuwa dalili kwamba mtu ana ndugu wanaomtunza, na aliyepungua alihurumiwa. Mtafiti Anne Becker aliwahoji wasichana wa sekondari wiki chache baada ya televisheni kuingia: hakuna hata mmoja aliyesema anajitapisha ili apungue. Mwaka 1998 aliporudi, asilimia 11.3 walisema wanafanya hivyo. Ni miaka mitatu tu ya tamthilia za Kimarekani, tena televisheni ya sebuleni, ambayo mama anaweza kuizima. Wewe yako unalala nayo.

Na picha zenyewe zinachezewa. Ufaransa tangu Oktoba 2017 tangazo la biashara likiwa na mwanamitindo aliyepunguzwa au kuongezwa mwili kwa kompyuta, sheria inataka liandikwe kwamba picha imerekebishwa. Simuni mwako nani anakuandikia?

Unatapika, mama? Kila ukitapika unapoteza potasiamu, na ikishuka sana moyo unapiga ovyo, unaweza kusimama hata kwa msichana wa miaka ishirini. Agosti 2006 mwanamitindo wa Uruguay, Luisel Ramos, alianguka muda mfupi baada ya kushuka jukwaani Montevideo, akafa. Alikuwa na miaka 22. Miezi sita baadaye mdogo wake Eliana, naye mwanamitindo, akafariki akiwa na miaka 18. Mama yao mmoja. Nafikiria hilo nikiwa zamu ya usiku.

Na siku zako, zinakuja? Zikikatika, ujue mwili umeanza kubana matumizi. Hizo chai za kupunguza tumbo ziache, nyingi ni majani ya kuharisha tu. Kinachotoka ni maji na madini.

Shangazi yako alipokuita kibonge mbele ya wageni, sote tulicheka. Nimemwambia asirudie. Alishangaa, akaniuliza mbona siku ile sikusema.

Wewe ni wa kwanza ukoo mzima kusomea uhandisi, baba yako akikutana na mtu sokoni haanzi na salamu, anaanza na wewe. Halafu akili zote hizo unazitumia kuhesabu vijiko vya wali! Hapo nakasirika, sikufichi. Lakini najua haya ni maradhi, hayaishi kwa kukaripiwa, wala kwa mimi kukulazimisha ule.

Nenda zahanati ya chuo Jumatatu. Waambie wazi kwamba unatapika, wakupime potasiamu na wakufanyie kipimo cha umeme wa moyo. Omba na mshauri nasaha. Ukiona aibu, nipigie uwape simu, nitaongea nao mimi. Kadi ya bima iko hai, nimelipia.

Bati la jikoni limebadilishwa, halivuji tena. Bibi goti linamsumbua, anataka umpigie Ijumaa baada ya swala. Mdogo wako anatafuta daftari zako za Fizikia na kabati limefungwa. Ufunguo uko kwako au kwa baba yako? Kuna boksi kwenye basi la Jumamosi: dagaa, unga wa muhogo, na mafuta ya nazi ya nywele, maana mwenzio anasema zinakatika. Dereva atakupigia akifika. Simu yako iwe na chaji, na ukishapokea boksi nipigie, unijibu lile nililokuuliza.

Mama yako