Barua kwa mwalimu mwenzangu aliyeko Nansio

Igombe, Ilemela,
Mwanza.
14 Septemba 2025

Dada yangu mpendwa,

Barua yako niliipokea Jumatano kutoka kwa yule kijana wa dagaa uliyemkabidhi pale gatini Nansio, nayo ilinifikia ikinukia mzigo wake. Nimefurahi kusikia kwamba mama anatembea tena bila mkongojo; tafadhali mfikishie shikamoo yangu. Umenieleza kwamba mkuu wa shule amekuteua uwe mratibu wa mafunzo ya walimu kazini, na kwamba anataka, kabla mwezi haujaisha, umkabidhi mpango wa mwaka mzima wa kuwafundisha wenzako kutumia vishikwambi na ile projekta moja mliyo nayo. Umeniomba nikutumie mpango wetu ili uunakili. Mpango ninao, lakini sikutumii, na ni haki nikueleze sababu kabla hujanikasirikia.

Tuliuandika mwanzoni mwa 2023, vishikwambi vilivyotumika katika Sensa ya Agosti 2022 vikiwa vimeshagawiwa kwa walimu, na sisi tukiwa na hamu kama watoto wanaosubiri nguo za sikukuu. Tulipanga semina ya siku mbili, tukamwalika mwezeshaji kutoka mjini, tukachangishana fedha za chai na maandazi. Siku ya kwanza tulijifunza kuwasha, kuunganisha na projekta na kuandika slaidi. Siku ya pili tulijifunza kuweka picha kwenye slaidi hizo na kuzifanya ziingie kwa mbwembwe. Mwezeshaji alikuwa hodari na alitufundisha kile tulichomwomba, kwa hiyo simlaumu. Jumatatu iliyofuata nikaingia Kidato cha Pili na slaidi ishirini na mbili zenye maneno yale yale niliyokuwa nikiyaandika ubaoni siku zote, wanafunzi wakayanakili kama walivyozoea, na tofauti pekee niliyoiona ni kwamba zamani chaki ilikuwa ikinichelewesha, nao wakapata nafasi ya kufikiri. Kufikia Pasaka vishikwambi vingi vilikuwa kabatini, au nyumbani mikononi mwa watoto wetu, ilhali lile jedwali la mpango lilikuwa bado limebandikwa ofisini, kila mstari umewekewa tiki.

Unaijua MEWAKA, ule mpango wa mafunzo endelevu ya walimu kazini, kama ninavyoijua, na unajua kwamba kitovu chake kinapaswa kuwa jumuiya ya kujifunza ya shule yenyewe, walimu wakikaa pamoja mara kwa mara kuzungumzia kazi yao. Kwetu jumuiya hiyo ilikuwepo kwenye makaratasi. Ilipata uhai siku nilipolalamika mbele ya wenzangu kuhusu swali moja la fizikia, na sehemu hiyo ndiyo ninayotaka uisome kwa utulivu.

Swali lenyewe ni hili. Unawachorea wanafunzi sakiti yenye betri na balbu mbili zinazofanana, zimepangwa moja baada ya nyingine kwenye waya mmoja, kisha unawauliza ni balbu ipi inapitiwa na mkondo mkubwa zaidi wa umeme. Mwaka baada ya mwaka, wengi wananiandikia kwamba ni ile ya kwanza, kwa kuwa imetangulia kuupata umeme na ya pili inabakiziwa. Nilikuwa nimewaambia mara nyingi kwamba mkondo ni uleule kila mahali katika sakiti ya namna hiyo. Walikariri sentensi hiyo, wakaiandika vizuri panapoulizwa sentensi, na palipowekwa mchoro wakarudi kwenye imani yao. Nilidhani tatizo ni uvivu.

Mzee wetu wa Kiswahili, ambaye anakaribia kustaafu na ambaye kishikwambi chake hadi leo kimo ndani ya boksi lake, alinisikiliza mpaka mwisho kisha akaniuliza: "Mwalimu, nyumbani kwako pasi inafanya nini umeme?" Nikamjibu bila kufikiri kwamba inakula sana. Akacheka. Watoto wetu wamekua wakisikia kwamba pasi inakula umeme, jiko linakula umeme, na LUKU imeliwa usiku kucha na friji ya jirani. Mtu akija kuwaambia kwamba balbu haili chochote, kwa nini wamwamini yeye na kuwaacha mama zao? Na mama zao hawajakosea, kwa maana kinachopungua kwenye LUKU kinapungua kweli. Kinacholiwa ni nishati, na ndiyo inayohesabiwa kwa uniti, ilhali mkondo unaingia kwenye balbu na kutoka ukiwa na kiasi kilekile. Miaka tisa nimefundisha mada hiyo bila kuwahi kuzitenganisha nishati na mkondo kwa maneno wanayoyatumia nyumbani, kwa sababu tunafundisha kwa Kiingereza na lile neno "kula" halikuwahi kuingia darasani kwangu hata siku moja.

Baada ya mazungumzo hayo ndipo nilipokifuata kishikwambi, nikiwa na jambo la kukiomba. Nilipakua programu ya sakiti kutoka PhET, ule mradi wa Chuo Kikuu cha Colorado, Marekani, ulioanzishwa mwaka 2002 na mwanafizikia Carl Wieman, aliyekuwa amepata Tuzo ya Nobel mwaka mmoja kabla. Programu zake hutolewa bure, baadhi zimetafsiriwa kwa Kiswahili, na ukishaipakua mara moja inafunguka bila intaneti, jambo ambalo kwa mfuko wa mwalimu si dogo. Mwanafunzi anaunganisha waya, betri na balbu kwa kidole, halafu anaona vijidude vinavyowakilisha elektroni vikitembea kwenye waya kwa mwendo uleule kabla na baada ya kila balbu. Na akitaka kuhakikisha, anaweka ammita, kile kipimo cha mkondo, popote anapopenda. Balbu za kweli tunazo, za tochi, na tunazitumia, kwa kuwa zinamwonyesha mtoto kwamba mbili zinafifia sawasawa. Jicho halioni ndani ya waya, na hapo ndipo programu inapostahili nafasi yake.

Usidhani nilifaulu mara moja. Somo la kwanza lilikuwa sherehe: kelele, vicheko, kila mmoja akitaka kugusa, na nilipowapa swali lilelile mwishoni, zaidi ya nusu walijibu kama zamani. Bahati njema nilikuwa nimemwomba mwalimu wa baiolojia aketi nyuma ya darasa, si kunipa alama, ila kuwatazama wanafunzi wanne aliowachagua mwenyewe na kuandika wanachosema na kufanya. Aliniambia jioni ile kwamba hakuna hata mmoja kati ya wanne hao aliyetakiwa kusema anachotarajia kabla programu haijawashwa, na kwa hiyo hakuna aliyegundua kwamba alikuwa amekosea. Ilinichoma, nakiri. Juma lililofuata, katika darasa la B, niliwataka kwanza wainue mikono kutabiri, kila mmoja aandike utabiri wake kwenye daftari na jina la aliyembishia, ndipo nikawasha. Kimya kilichotokea ammita ilipoonyesha namba ileile upande wa pili wa balbu sijawahi kukisikia kwenye darasa lenye wanafunzi wengi kiasi kile. Wachache bado hawakukubali, na mmoja wao alidai kwamba mashine imedanganywa. Huyo nampenda kuliko wote.

Sasa utaona kwa nini jedwali lile halifai kunakiliwa. Lilianza na kifaa na kuuliza kifanye nini, nasi tunaanza na mahali ambapo wanafunzi wanakwama na kuuliza kama kuna kifaa chochote, hata kama ni kamba na kokoto, kitakachosaidia. Wasomi walishalisema jambo hili. Lee Shulman aliandika mwaka 1986 kwamba kulijua somo na kujua kufundisha kwa ujumla havitoshi, kwani upo ujuzi wa tatu wa namna mada fulani inavyofundishika, ukiwemo ufahamu wa makosa ambayo wanafunzi wanakuja nayo. Mwaka 2006 Punya Mishra na Matthew Koehler wakaongeza teknolojia, wakionyesha kwamba mwalimu anahitaji ujuzi wa pale vitu hivyo vinapokutana. Mzee wetu hajui kuwasha kishikwambi, lakini kwa kipimo hicho alichangia somo langu kuliko semina yote. Hata mwongozo wa UNESCO wa umahiri wa walimu katika TEHAMA, toleo la 2018, una nyanja sita, na stadi za kutumia vifaa vyenyewe ni moja tu kati ya hizo. Semina zetu huitumia nyanja hiyo moja kujaza siku zote mbili. Wala usifikiri kwamba dawa ni vifaa vingi zaidi. Larry Cuban alizichunguza shule za Silicon Valley kwenyewe, kitovu cha teknolojia cha Marekani, ambako kompyuta hazikuwa haba, na kitabu chake cha 2001 kinaeleza kwamba walimu wengi waliendelea kufundisha kama walivyokuwa wakifundisha.

Kuhusu utaratibu, sisi tunakutana kila Alhamisi saa tisa na nusu kwa dakika hamsini, na tunakaa na somo moja kwa majuma matatu: juma la kwanza tunalipanga pamoja, la pili mmoja analifundisha na wengine wawili wanatazama, la tatu tunalirekebisha ili mwingine alifundishe katika darasa lake. Wajapani wana desturi kama hiyo kwa zaidi ya miaka mia moja, na wanaiita jugyou kenkyuu. Moduli za Taasisi ya Elimu Tanzania (TET) zilizoko mtandaoni tunazisoma pale tu zinapogusa somo lililo mezani; anayepata bando anasoma na kuwasimulia wengine. Posho hatuna, na wawili walituacha kwa sababu hiyo. Tulijaribu kukutana jioni ili wenye vipindi vya mwisho wafike, lakini mwezi ule wadudu wa ziwani walipanda kama moshi, wakaufuata mwanga wa projekta, na shuka tuliyoitundika ukutani ikawa nyeusi kabla hatujamaliza sentensi ya kwanza. Tukarudi saa tisa na nusu.

Jambo gumu ambalo hukuniuliza ni hofu. Mwalimu aliyefundisha miaka ishirini anaogopa kuaibika mbele ya kijana aliyeajiriwa jana, na mbele ya wanafunzi wanaotelezesha kioo cha simu kwa wepesi kuliko yeye. Usiwapange kwa makundi ya "wanaojua" na "wasiojua", kama tulivyofanya sisi. Makundi hayo yaliacha kinyongo ambacho hakijaisha. Mpange anayejua kifaa pamoja na anayejua makosa ya wanafunzi, na umwache huyo wa pili ndiye aamue somo litakuwa lipi. Na mwombe mkuu wako, kwa adabu zote, kwamba mtazamaji wa somo asijaze fomu yoyote inayokwenda ofisini, maana siku fomu itakapoingia, kila mwalimu atafundisha somo analoliweza, na hutaona tena kosa lolote la kujifunzia.

Mpe mkuu ukurasa mmoja tu: somo moja kwa muhula huu, majina ya watu watatu, na tarehe za Alhamisi tisa. Akidai jedwali la mwaka mzima, mwambie kwamba somo la pili litachaguliwa na matatizo yatakayoonekana kwenye la kwanza. Huenda akanuna, lakini nakumbuka uliwahi kumshawishi hata mkufunzi wetu wa maabara kule chuoni Mlimani, aliyekuwa na moyo kama mawe ya Mwanza.

Ndani ya bahasha hii utakuta memori kadi niliyoifunga kwa karatasi ya kaboni. Nimekuwekea programu ya sakiti, nyingine mbili za PhET, na GeoGebra kwa ajili ya yule mwenzako wa hisabati, zote zinafanya kazi bila intaneti. Usizigawe kwa wote siku moja. Kadi ina nafasi kubwa iliyobaki, kwa hiyo ukishafundisha somo lako la kwanza mwombe mtu arekodi kutoka nyuma ya darasa, kamera ielekee madaftari ya wanafunzi zaidi kuliko ubao, kisha uirudishe kwa kijana wa dagaa hata kama somo litakuwa limeharibika katikati. Anavuka kuja Mwanza kila Ijumaa, nami nitamsubiri Mwaloni, Kirumba, kabla ya saa nne, na Alhamisi inayofuata tutaitazama wote pamoja na mzee wetu.

Ndimi mwenzako wa chumba kimoja,
Mwalimu wa fizikia, Igombe